Boksi la kupimia mwendo wa risasi lililopigwa risasi Ugalla: ninalo bado, lina kazi tena?

Mwana_Igombe (mleta mada)

Mwangaluka wakuu.

Miaka yote humu nimekuwa msomaji tu, leo nashusha uzi wangu wa kwanza. Mnivumilie urefu.

Juzi nilikuwa nasafisha stoo nyumbani, Tabora mjini, nikakutana na boksi la chuma la kijani lenye macho mawili juu. Moja zima, jingine limepasuliwa na risasi. Mama watoto akasema liende kwa wanunua vyuma chakavu. Nikamwambia subiri, kuna watu nataka kuwauliza kwanza. Ndio nyinyi.

Kabla Ugalla haijafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2019, kule kulikuwa na vitalu vya uwindaji wa kitalii, nami nilikuwa kijana wa kambi. Nilianza na kuosha masufuria, nikapanda hadi kuwa trekka, yaani kusoma kwato na majani yaliyolala. Mwaka mmoja, Oktoba, jua la kupasua mawe, tukapokea mgeni mzee, mstaafu, mtu wa maneno machache. Bunduki yake .375 H&H, aina ya risasi iliyotolewa na Holland & Holland wa Uingereza mwaka 1912 na mpaka kesho inaaminika kwa nyati. Hilo halikutushangaza. Kilichotushangaza ni risasi zenyewe. Hazikuwa na paketi ya kiwanda. Zilikaa kwenye vikasha vya plastiki, kila kikasha na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi (ndiyo, ya risasi).

Mzee alizitengeneza mwenyewe kwake, mezani, moja moja. Ganda lililokwishapigwa analisafisha, analirudishia umbo, anaweka fataki mpya (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), baruti anaipima kwenye mizani midogo kama ya sonara, halafu anakandamiza kichwa cha risasi juu. Kwao ni jambo la kawaida kama sisi kutengeneza nyavu.

Sasa mgeni akifika, kabla ya kwenda porini lazima apige risasi chache kambini aone kama safari haikuhamisha darubini ya bunduki. Wengine wakapiga tatu, basi. Huyu akafungua sanduku, akatoa hili boksi, akalisimamisha kwenye miguu mitatu mbele ya mtutu. Mwindaji bingwa wetu (kambini tunamwita PH) akaniambia kwa sauti ya chini: "Leo tutakula saa tisa."

Risasi ya kwanza, kioo cha boksi kikaandika futi 5,118 kwa sekunde. Kijikaratasi cha mzee kinasema 2,530. PH akacheka mpaka kofia ikaanguka.

Naitwa kula, narudi. Swali langu ni moja: hili boksi lina matumizi yoyote, au mama watoto yuko sahihi?

---

Siti_ya_Mbele

Naweka kambi hapa. Mkuu usiende kulala, malizia.

---

Dogo_Urambo

Futi 5,118? Hiyo si risasi, hiyo ni chai.

---

Mwalimu_Gungu

Si chai. Mimi nafundisha fizikia huku Kigoma, naweza kukisia kilichotokea: aliliweka boksi karibu mno na mdomo wa bunduki.

Kifaa hicho kinaitwa kronografu. Macho yale mawili hayaoni risasi kama wewe unavyoona kuku. Yanatazama mwanga wa anga. Risasi ikipita juu ya jicho la kwanza, kivuli chake kinapunguza mwanga kidogo na saa ya ndani inaanza. Ikipita juu ya la pili, saa inasimama. Umbali kati ya macho unajulikana, gawanya kwa muda, umepata mwendo. Basi. Darasa la saba wanaweza.

Ugumu uko kwenye saa. Chukulia macho yameachana sentimita 61, yaani futi mbili, na risasi inakwenda mita 771 kwa sekunde (ndizo hizo futi 2,530). Muda wa kupita ni sekunde 0.00079. Yaani gawanya sekunde moja vipande elfu, uchukue kipande kimoja ambacho hata hakijatimia. Kwa hiyo ndani kuna kioo cha kwatzi, ndugu wa kile cha saa ya mkononi ila kinapiga haraka zaidi, na kazi yake ni kuhesabu mapigo tu.

Bunduki ikilia, mbele ya mtutu hutoka moshi, gesi na wimbi la mshindo. Boksi likiwa karibu, macho yanashtuliwa na huo uchafu badala ya risasi. Ndiyo unapata namba za ajabu.

---

Dogo_Urambo

Kumbe ni sensa mbili tu na saa?

---

Siti_ya_Mbele

Ya watu na makazi?

---

Mwana_Igombe

Nimerudi. Ugali na mlenda, namshukuru Mungu.

Mwalimu umelenga palepale. Mzee hakubishana na PH, akachukua boksi akalisogeza mbele mpaka hatua tano hivi kutoka mdomo wa bunduki. Tena akalitoa chini ya mti wa mtundu, maana kivuli cha majani kilikuwa kinacheza juu ya macho. Halafu akachomeka vijiti na vipande vyeupe vya plastiki juu yake kama mbavu za mwavuli. Mimi nikafikiri ni kulikinga na jua lisiungue. Akanieleza kwamba jua kali likipiga upande mmoja macho yanadanganyika, yanataka mwanga uliotulia kama siku ya mawingu, na ile plastiki ndiyo mawingu yake.

Akapiga tano. Alikuwa anasoma kwa futi, mimi nimezigeuza mita kutoka kwenye daftari lake, aliniachia kurasa mbili: 768, 771, 765, 779, 772.

PH akasema haya, tumeona, zinafanana. Mzee akatikisa kichwa, akapiga hesabu pembeni mwa ukurasa, akaandika (hizi nazo nimezigeuza mita) 771, chini yake 14, chini yake 5.2. Mpaka leo 14 na 5.2 sijazielewa.

---

Mwalimu_Gungu

771 ni wastani. 14 ni tofauti ya kubwa na ndogo kabisa, 779 toa 765. Ya tatu ndiyo tamu: inaonyesha risasi zinatawanyika kiasi gani kuzunguka wastani. Unachukua kila moja, unaona imekosea wastani kwa ngapi: 3, 0, 6, 8, 1. Unazidisha kila moja kwa yenyewe, unajumlisha unapata 110, unagawa kwa 4, unatafuta kipeo cha pili. 5.2.

Kwa nini 4 na si 5, njoo darasani.

Ila mzee alipiga tano tu, na tano ni chache. Angepiga tano nyingine za baruti ileile angeweza kupata 3 au 9, wala risasi zisiwe zimebadilika chochote. Watu wa mambo haya hupigia tatu, wakaona zimekaribiana, wakatangaza wamepata dawa. Ni kama kuuliza watu watatu kijiweni nani atashinda uchaguzi.

---

Afande_Mstaafu

Nimesoma kwa utulivu. Nisiwavunje moyo vijana, lakini kasi siyo shabaha. Nimefundisha kurusha miaka mingi, sijawahi kumwona aliyekosa kwa sababu risasi yake ilipungua mita tano kwa sekunde. Wanakosa kwa sababu wanavuta kifyatulio kama wanachuma embe.

Kwenye mizinga ni habari nyingine. Huko gombora linasafiri kilomita na kilomita, mwendo ukibadilika kidogo tu linaangukia kwa jirani. Ndiyo maana mizinga ya kisasa inafungwa rada yake ya kupima mwendo wa kila gombora linalotoka. Kwa bunduki ya nyati hatua hamsini, hizo namba ni mapambo.

---

Mwalimu_Gungu

Afande shikamoo. Kwa hatua hamsini nakuunga mkono mia kwa mia. Nimepiga hesabu hapa: kwa risasi hiyo, kasi ikikosea asilimia moja, kwenye mita 100 tofauti ya kushuka ni kama milimita mbili. Hata nzi hajeruhiwi. Kwenye mita 300 inafika sentimita mbili na ushee, bado nyati ni mkubwa.

Lakini nadhani mzee hakuwa anatafuta shabaha. Tumwache mleta mada amalizie.

---

Afande_Mstaafu

Marahaba. Tusubiri.

---

Dereva_wa_Koga

Wakati tunasubiri, nami niliendesha wageni upande wa Koga misimu kadhaa. Afande, kasi kuna siku ni uhai.

Kuna risasi inaitwa .458 Winchester Magnum, ilitoka 1956. Tangazo lilisema kichwa cha greni 500, kama gramu 32, kinatoka futi 2,130 kwa sekunde. Wawindaji wakainunua kama maandazi, maana ilikuwa nafuu kuliko bunduki za Kiingereza za mitutu miwili. Halafu malalamiko yakaanza: risasi haziingii ndani ya mnyama kama inavyotakiwa. Walipoanza kupima kwa kronografu kwenye bunduki za kawaida wakakuta nyingi hata 2,000 hazifiki. Ganda lilikuwa fupi, baruti ikashindiliwa mno, ikikaa muda mrefu kwenye joto inagandamana kama sukari iliyopata unyevu na haiungui sawasawa. Tena zile 2,130 zilipimwa kwenye mtutu mrefu kuliko waliokuwa nao watu porini.

Mmarekani mmoja, Jack Lott, alijeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959 akiwa na bunduki ya aina hiyo. Alipopona akaamua kurefusha ganda, baruti ipate nafasi. Ndiyo .458 Lott ya mwaka 1971. Kwenye kambi zetu PH wengi wazee walikuwa nayo.

Wateja wanasoma paketi. Ile mashine haisomi paketi.

---

Siti_ya_Mbele

Dereva mwaga nondo, tunaokota.

---

Mwana_Igombe

Hapo sasa Dereva umenifungulia mlango.

Siku ya pili tulitoka alfajiri kufuata kundi la madume, hatukulipata, tukarudi saa nane. Ugalla Oktoba saa nane, mnaijua. Vikasha viwili vya risasi vilisahaulika juu ya dashibodi ya Land Cruiser tangu asubuhi, chini ya kioo. Ukiigusa ile chuma unarudisha mkono.

Mzee hakuzitupa wala hakugomba. Akaniambia nilete boksi, tukalisimamisha palepale pa jana, akapiga tatu za kutoka dashibodi: 787, 792, 788.

PH akasema, kwa kejeli lakini ya adabu, kwamba basi joto limezipa nguvu, ni zawadi. Mzee hakucheka. Alikuwa bado anahangaika kufungua bolti, lile komeo la bunduki linalofunga nyuma ya risasi. Ilikuwa nzito, mpaka akaipiga kwa kiganja. Ganda lilipotoka akanionyesha kitako chake: palikuwa na alama inayong'aa, kama shaba imepigwa muhuri.

Akachora mchangani. Alizitengeneza risasi zile nyumbani kwake mwezi Machi, theluji nje, akazipimia huko, akaishia karibu na kikomo kinachoruhusiwa kwenye vitabu vyao. Baruti ikipata moto inaungua haraka zaidi, presha ndani ya chemba inapanda, mwendo unapanda nayo. Mwendo hauji bure, alisema. Mita kumi na nane za ziada kuna mahali zimekopwa, na mkopeshaji ni chuma kilicho sentimita chache kutoka jicho lako.

Akakusanya zile zake zote, akazifungia kwenye sanduku. Msimu ule aliwinda kwa risasi za kiwandani za PH.

---

Dogo_Urambo

Kwa hiyo bunduki ingepasuka?

---

Dereva_wa_Koga

Si lazima. Hatua ya kwanza ni hiyo, bolti kugoma. Fikiria imegoma nyati yuko hatua ishirini na amekuona. Hapo huhitaji bunduki kupasuka.

Waingereza wa zamani walilijua hili. Baruti yao ya kodaiti ilikuwa inapandisha presha kwenye joto, kwa hiyo risasi za kuja Afrika na India walizipunguzia baruti. Ziliuzwa kabisa kama za nchi za joto.

---

Mwalimu_Gungu

Na namba za mzee zinakaa vizuri. Watengeneza risasi wana kanuni yao ya mkononi: baruti ya kawaida huongeza kama futi moja kwa sekunde kwa kila nyuzi moja ya Farenhaiti. Kwa vipimo vyetu ni nusu mita na kidogo kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Dashibodi ikiwa imezidi asubuhi ya jana yake kwa nyuzi thelathini na kitu, unapata mita 17, 18. Siku hizi kuna baruti zisizojali joto sana, ila siyo zote.

Afande, unaona mzee alikuwa anatafuta nini?

---

Afande_Mstaafu

Nimeona. Kumbe ni kipimajoto cha mgonjwa. Naondoa "mapambo".

---

Dogo_Urambo

Mimi swali la vitendo. Hapa kwetu mafundi wa gobore wapo. Mtu akipata mizani na maganda, si anaweza kujitengenezea? Mleta mada tupe kipimo cha baruti alichotumia mzee.

---

Mwana_Igombe

Dogo, kwenye daftari kipo na sikiandiki hapa. Umetoka kusoma sasa hivi kwamba kipimo salama cha Machi kilikuwa hatari Oktoba kwenye bunduki ileile, mikononi mwa mtu aliyeifanya kazi hiyo maisha yake yote. Wewe unataka kukitia kwenye gobore.

---

Mama_Asali_Sikonge

Mdogo wangu Dogo, sikiliza wakubwa. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 iko wazi, kumiliki silaha ni kwa leseni na kutengeneza risasi bila kibali ni kosa. Wageni wale waliingia na bunduki na risasi zao kwa vibali, zikahesabiwa kuingia na kutoka.

Sheria weka pembeni. Baba yangu mdogo alikuwa na gobore, baruti anapima kwa macho, "kidogo hivi". Siku moja kidogo hivi ikazidi. Alikufa mzee kabisa, miaka mingi baadaye, lakini kikombe cha chai alikishika kwa mkono wa kushoto tangu siku ile. Sisi watoto tulidhani kazaliwa hivyo.

---

Dogo_Urambo

Shikamoo mama. Nimeelewa. Nimefuta wazo.

---

Mama_Asali_Sikonge

Marahaba baba. Njoo ufuge nyuki.

---

Siti_ya_Mbele

Sasa nani alilipiga boksi risasi? Tumefika posti ya ishirini na nne hatujaambiwa.

---

Mwana_Igombe

Ni mimi. Yaani hapana, lakini ni mimi.

Siku ya tatu mzee alitaka kupima zile za kiwandani alizokopeshwa, ajue zinatoka kwa mwendo gani kwenye mtutu wake. Boksi alinipa mimi nilisimamishe, maana nilishaonekana mwelewa. Bunduki ilikuwa imelala juu ya mifuko ya mchanga, tupu, bolti iko wazi. Nikachungulia kwenye darubini nione kama njia inapita juu ya macho. Nikaona msalaba umekaa vizuri, vidole viwili hivi juu ya boksi. Nikasema tayari.

Akapiga. Boksi likaruka na miguu yake mitatu kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto.

Wakuu, niliishiwa nguvu za magoti. Kifaa kile nilikuwa nakithaminisha na mshahara wangu wa msimu mzima. PH alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Mzee akanyanyuka taratibu, akaenda, akalipindua boksi, akatazama tundu. Akarudi, akatazama darubini. Kisha akavua kofia, akasema kwa Kiswahili chake cha kamusi: "Kidole ni changu."

Halafu akachora tena mchangani. Mstari wa juu ni darubini, mstari wa chini ni mtutu. Darubini imefungwa juu ya mtutu, sentimita nne na nusu hivi. Jicho linapita juu, risasi inatokea chini, na mistari hiyo miwili haikutani mpaka mbali huko, mita makumi kadhaa. Hatua tano kutoka mdomoni, risasi bado iko chini ya unachokiona kwa sentimita nne. Vidole vyangu viwili vilikuwa vimelala palepale inapopita risasi.

Siku ya kuondoka akaniachia boksi na zile kurasa. Aliandika juu: "kwa mtu aliyepima". Sijui alikuwa ananitania au la.

---

Afande_Mstaafu

Kosa hilo wanalifanya hata wenye nyota mabegani. Kichaka mbele ya mtutu, kwenye darubini hakionekani, risasi inakilamba. Mzee alikuwa muungwana.

---

Dereva_wa_Koga

Siku hizi hawapati hata nafasi ya kulipiga. Msimu wangu wa mwisho mgeni alikuja na kidude kinachoenea kiganjani, anakiweka mezani pembeni ya bunduki, hakuna kinachokaa mbele ya mtutu. Garmin, toleo la 2023. Kabla yake niliwahi kuona lile bapa la rangi ya chungwa, LabRadar. Na mwingine alikuwa na kijiti anachokifunga kwenye mdomo wa mtutu kama singe, kinahisi risasi kwa sumaku. Hicho cha singe kinapima sawa lakini kwa sababu kinaning'inia mtutuni, shabaha inahama. Ukikitoa inabidi ulenge upya.

---

Mwalimu_Gungu

Vidude vya mezani ni rada. Kaa stesheni ya Tabora treni ikipita inapiga honi: ikija sauti nyembamba, ikiondoka nzito. Rada inarusha mawimbi ya redio kwenye kitako cha risasi inayokimbia, yanarudi yamebadilika "sauti", na badiliko hilo ndilo mwendo. Kwa mawimbi ya gigahezi 24 na risasi ya mita 800 kwa sekunde, badiliko ni kama mizunguko 128,000 kwa sekunde. Haijali jua, haijali kivuli cha mtundu.

Lakini mimi moyo wangu uko kwa wa kwanza kabisa. Mwingereza Benjamin Robins alieleza njia yake mwaka 1742, hakuna umeme, hakuna kwatzi. Alining'iniza gogo zito, akalipiga risasi, akapima limebembea kiasi gani. Risasi ikiingia kwenye gogo, uzito mara mwendo wa risasi unagawanywa kwa gogo zima. Chukua risasi ya gramu 10 inayokwenda mita 700, gogo la kilo 7: gogo litaondoka kwa mita moja kwa sekunde na kupanda sentimita tano. Sentimita tano unapima kwa rula ya mwanafunzi! Baada yake Mbelgiji Le Boulengé, karne ya 19, akaja na nyaya mbili: risasi inakata ya kwanza, inakata ya pili, na kila ukikatika fimbo ya chuma inaachiwa na sumaku inaanguka. Alipima muda kwa kuanguka kwa chuma.

Mleta mada, nimepata wazo la boksi lako. Nipe wiki moja.

---

Siti_ya_Mbele

Mwalimu asije akapiga gogo la shule.

---

Mwalimu_Gungu

Nimerudi. Hakuna bunduki iliyotumika, Mama Asali atulie.

Tumetumia manati. Kidato cha tatu. Badala ya mawe tulichukua gololi, kwa sababu zinalingana: gramu 5 kila moja. Gogo letu ni kopo la maziwa tulilolijaza udongo wa mfinyanzi mpaka gramu 495, tukalining'iniza kwa kamba za mita moja kwenye tawi la mwembe. Gololi ikinasa, jumla gramu 500, yaani kopo linaondoka na mwendo mdogo mara mia kuliko gololi. Nyuma ya kopo kipande cha karatasi kinachosukumwa na kubaki pale lilipofikia. Umbali huo kwa mita, zidisha kwa 3.13, unapata mwendo wa kopo. Zidisha kwa mia.

Vijana watano: sentimita 12, 14, 15, 11, 14. Wastani unakuja mita 41 kwa sekunde. Aliyefikisha 15 ni binti mdogo kuliko wote, ana mita 47, na sasa hakuna anayemchokoza. Mmoja alikata kamba, hatukumhesabu. Gololi tuliitoa udongoni kila mara kabla ya kupiga tena, vinginevyo kopo linanenepa.

Kutawanyika, ukilinganisha na wastani wake, ni kubwa kuliko kwa mzee wako, mleta mada. Kwao baruti inapimwa, kwetu mpira wa manati unavutwa na mtu aliyekula au hajala.

Kuhusu boksi. Jicho moja zima linatosha kuanzia. Mshale una urefu unaojulikana, ukipita juu ya jicho moja, chukua urefu wa mshale, gawanya kwa muda ambao kivuli kinadumu, umepata mwendo. Itabidi tubadilishe ubongo wa boksi, ila macho, kioo cha kwatzi na betri tutavitumia. Na jicho lililokufa nina mwanafunzi anayetengeneza redio, anasema atalipata kwenye televisheni mbovu. Simwamini sana lakini namruhusu ajaribu.

---

Mwana_Igombe

Mwalimu umenimaliza. Naliweka kwenye basi la kesho, utalipokea stendi ya Masanga. Nimelifunga kwa blanketi. Mama watoto ameuliza linakwenda wapi, nimemwambia linakwenda shule.

Kurasa mbili za daftari nabaki nazo.

---

Dogo_Urambo

Swali la mwisho wakuu. Huyo mzee, nyati alimpata?

---

Mwana_Igombe

Alimpata, siku ya tisa, dume la peke yake, hatua arobaini, risasi moja ya kiwandani. Jioni nikamuuliza ilitoka na mwendo gani. Akasema hatutajua, boksi liliuawa.